Sayansi ya Kutazamwa na Sayansi ya Kuulizana

Waungwana wa barza,



Kila inapomalizika hafla ya sayansi kwa umma, iwe maonyesho, iwe wiki ya sayansi, iwe usiku wa watafiti, taarifa inayotolewa huwa ni ile ile: watu wangapi walikuja. Wamekuja elfu kadhaa, watoto wamefurahi, mgeni rasmi amekata utepe, picha hizi hapa. Sijawahi kusoma taarifa inayosema: mwananchi fulani aliuliza swali fulani, na mtafiti akarudi kazini kwake akabadilisha kitu. Hoja yangu leo ni kwamba hicho cha pili ndicho kipimo. Hicho cha kwanza ni hesabu ya mlangoni tu, kama ya sinema. Na kwa kuwa sisi hapa ni watu wa lugha, naongeza hoja ya pili: kinachozuia swali la mwananchi kumfikia mtafiti, mara nyingi si uhaba wa fedha wala ujinga wa umma. Ni lugha. Nani anaruhusiwa kuuliza, kwa lugha gani, na nani analazimika kumjibu.

Naandika kutoka Bustan, hapa Maskati, mahali panapofaa kulifikiria jambo hili, kwa sababu nitakazozieleza. Lakini kwanza nitoe haki kwa wanaostahiki haki. Wizara ya Elimu ya Omani iliandaa Tamasha la Sayansi la Omani kwa mara ya kwanza mwaka 2017, na la pili likafanyika mwaka 2019. Mahali pake ni kile Kituo cha Mikutano na Maonyesho upande wa uwanja wa ndege, ukumbi mkubwa, hewa baridi, nafasi ya kutosha. Tamasha la namna hii lina kazi yake na kazi hiyo si ndogo. Mtoto wa darasa la tano akigusa roboti kwa mkono wake, au akiona kioevu kikibadilika rangi mbele ya macho yake, kuna mlango unafunguka kichwani ambao kitabu pekee hakiufungui. Sisi tuliosoma kemia kwa kuchora birika la maabara ubaoni, bila ya kuliona birika lenyewe, hatuna ruhusa ya kuyadharau hayo.

Lakini tuiite kwa jina lake. Hiyo ni sayansi ya kutazamwa. Mtazamaji anaingia, anaonyeshwa, anashangaa, anatoka. Aliyeonyesha anabaki vile vile alivyokuwa asubuhi. Kwa watoto, sina neno. Shida inaanza pale sisi watu wazima tunapoichukua sura hiyo hiyo na kuiita "mkutano wa watafiti na wananchi". Mkutano, waungwana, ni wa pande mbili. Ukienda kwa jirani akasema yeye tu mpaka ukaaga, hujakutana naye, umemsikiliza.

Sasa nije Bustan. Wanaoijua Maskati wanajua kwamba karibu na hoteli ya Al Bustan Palace, iliyofunguliwa mwaka 1985 kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa nchi za Ghuba, pana mzunguko wa barabara, raundabauti kama tusemavyo, na katikati yake limewekwa jahazi. Jina lake Sohar. Watu wengi hupita wakidhani ni pambo. Kumbe lile lilikuwa jaribio la kisayansi. Lilijengwa Sur mwaka 1980, kwa ufadhili wa Sultan Qaboos, chini ya msafiri na mwandishi Tim Severin, ili kujaribu swali moja: je, chombo kilichoshonwa kwa kamba, bila ya msumari, kama vile vya zama za hadithi za Sindbad, kingeweza kufika China? Kiliondoka Maskati mwezi wa Novemba 1980, kikafika Canton mwezi wa Julai 1981, baada ya miezi saba na nusu hivi. Ndani yake walikuwemo mabaharia wa Kiomani, na njiani walipanda wanasayansi wa bahari kufanya kazi zao.

Kinachonivutia mimi zaidi si safari, ni ujenzi. Maana swali la chombo cha kushonwa halikuweza kujibiwa na mtafiti peke yake. Ilibidi watafutwe mafundi waliokuwa bado wanajua kushona, wakapatikana kutoka visiwa vya Lakadivi, upande wa magharibi wa India. Mbao zilitoka pwani ya Malabar, kamba ni za usumba wa nazi. Hapo, bwana, msomi alikaa akafundishwa. Fundi asiyekuwa na shahada ndiye aliyejua kamba ivutwe mpaka wapi kabla haijakatika, na mtafiti akilazimika kubadili mpango wake kwa neno la fundi.

Mambo yale yale yalirudi tena hapo Qantab, kijiji jirani na Bustan, mwaka 2008. Huko ndiko ilikojengwa Jewel of Muscat, chombo cha karibu mita 18, kwa kufuata mabaki ya merikebu ya karne ya 9 iliyogunduliwa mwaka 1998 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Ilitweka tanga mwezi wa Februari 2010, ikafika Singapore mwezi wa Julai mwaka huo huo, ikakabidhiwa huko kama zawadi. Mabaki ya chini ya bahari yaliweza kuwaonyesha watafiti ubao na matundu ya kamba. Hayakuweza kuwaonyesha mkono unavyofanya kazi. Hilo ilibidi waulizwe mafundi, Waomani na Wahindi. Na jambo moja linalotuhusu sisi moja kwa moja: mbao za ile merikebu ya kale zilitambuliwa kuwa za miti ya Afrika ya jenasi ya Afzelia, jamii moja na mbambakofi wetu. Yaani katika kiini cha utafiti ule kulikuwa na mti ambao babu zetu wa pwani waliutumia na kuupa jina. Najiuliza, nani katika seremala wa Lamu au wa Unguja aliulizwa anajua nini juu ya tabia ya mbambakofi ukiwa majini? Labda yuko aliyeulizwa. Kama yuko, jibu lake halikufika kwenye maonyesho.

Hiyo ndiyo lawama yangu juu ya jahazi la Bustan. Utafiti uliofanyika kwa kuulizana umewekwa barabarani kwa kutazamwa. Magari yanalizunguka usiku na mchana. Limebaki tokeo, mazungumzo yaliyolizaa hayaonekani. Na Unguja tumeona hatari ya kutegemea jumba peke yake. Mtepe, chombo cha kushonwa cha Wabajuni na watu wa Lamu, ulitengenezewa mfano wake ukawekwa Beit al-Ajaib. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba lile ikaporomoka. Ujuzi ukiwekwa jumbani tu, hatima yake ndiyo ya jumba.

Sasa mtu ataniambia: Profesa, hayo ni ya vyombo na kamba, ujuzi wa mkono. Sayansi ya leo ni ya maabara, mwananchi atamwambia nini mtaalamu wa mionzi? Swali zuri, na lina jibu lake kutoka Uingereza. Baada ya ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986, mvua ilishusha vumbi lenye mionzi kwenye milima ya Cumbria, na wafugaji wakakatazwa kuuza kondoo wao. Wanasayansi wa serikali walisema marufuku itakuwa ya wiki tatu. Masharti ya mwisho yaliondolewa mwaka 2012! Makadirio yao yalitokana na tabia ya udongo wa mfinyanzi, na milima ile ina udongo wa aina nyingine kabisa, wenye tindikali na mboji, ambao uliiacha ile mionzi irudi kwenye majani mwaka baada ya mwaka. Brian Wynne, mwanasosholojia aliyekwenda kuzungumza na wafugaji, ameeleza kisa kimoja ambacho mimi hukisomesha kila mwaka. Wanasayansi walitaka kujaribu kumwaga madini fulani ardhini kupunguza mionzi, wakawafungia kondoo katika vipande vilivyozungushiwa ua. Wafugaji wakawaambia: kondoo waliozoea mlima wazi mkiwafungia watadhoofika, na vipimo vyenu havitakuwa na maana. Hawakusikilizwa. Baadaye jaribio likaachwa, kwa sababu ile ile.

Tazameni vizuri. Mfugaji hakudai kwamba anaijua fizikia. Alikuwa anawajua kondoo. Na jaribio la fizikia lilikuwa linafanywa juu ya kondoo. Ni katika mazingira ya mijadala ya namna hii ndipo kamati ya Baraza la Malodi la Uingereza, mwaka 2000, ilipotoa ripoti ikisema kwamba kuwamwagia watu elimu hakutoshi, panahitajika mazungumzo. Na miaka miwili kabla yake, 1998, huko Leeds yalikuwa yameanza makutano ya sayansi kwenye mikahawa: mtaalamu anasema kidogo, kisha watu wanakunywa na kuuliza. Wenzetu waliusifu kama uvumbuzi. Sisi watu wa barza ya kahawa tulicheka, lakini tukicheka tukumbuke kwamba barza zetu nazo hatujawahi kumwalika mtaalamu wa malaria.

Nimetaja malaria, basi twende Kilifi, maana huko ndiko jambo hili limekuwa la uhai na mauti, na ndiko tulikopata somo kubwa kuliko la Leeds. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilianza pale mwaka 1989. Utafiti wa malaria unahitaji damu. Na kwenye pwani yetu, ukitaja mtu mgeni anayechukua damu, neno linalokuja mdomoni mwa watu ni moja: mumiani. Wengi wenu mmesoma kitabu cha Luise White cha mwaka 2000 juu ya visa hivyo vya enzi ya ukoloni. Neno lenyewe lina asili ya Kiajemi, na zamani lilikuwa jina la dawa. Pwani likawa jina la wanyonya damu. Kuna wasomi wanaoona mumiani kuwa ni ushirikina wa kuondolewa kwa elimu. Mimi nauona kuwa ni swali ambalo halijapata mahali pa kuulizwa: damu yetu mnaipeleka wapi, inauzwa au haiuzwi, na nani anapata faida? Swali hilo lina akili kabisa. Ndilo hilo hilo ambalo kamati za maadili za vyuo vikuu huwauliza watafiti kwenye fomu za kurasa 40.

Mwaka 2004 Sassy Molyneux na wenzake walichapisha utafiti juu ya ridhaa kwenye pwani ya Kenya, wakaonyesha kwamba wazazi wengi hawakuwa wakitenganisha utafiti na matibabu. Mtoto amepelekwa hospitali, kachukuliwa damu, basi anatibiwa. Sisi watu wa lugha tunapaswa kusimama hapo kidogo. Tuna neno "uchunguzi". Daktari anafanya uchunguzi, polisi anafanya uchunguzi, na mtafiti naye anafanya uchunguzi. Tuna neno "utafiti", ambalo shuleni linaeleweka, na nyumbani kwa mama anayezungumza Kigiriama halina picha yoyote. Mzazi huyo hakuwa mjinga. Ameambiwa neno ambalo halikumpa njia ya kuuliza, "Kwani haya mnayoyafanya ni kwa faida ya mwanangu huyu au ya watoto watakaokuja?"

Katikati ya miaka ya 2000 kituo kile kikaanza utaratibu wa wawakilishi wa jamii: watu wa kawaida waliochaguliwa kwenye maeneo yao, wakikutana na watafiti mara kwa mara, wakisikia mipango ya tafiti na kurudisha maneno ya watu. Hawakuwa madaktari, na kazi yao haikuwa kupiga makofi. Maoni yao yakaingia katika namna tafiti zinavyoelezwa. Sikisifu kituo kupita kiasi, maana wenyewe wameandika pia juu ya matatizo: mwakilishi anaweza kugeuka akawa msemaji wa kituo kwa wanakijiji badala ya msemaji wa wanakijiji kwa kituo. Hatari hiyo ipo kila mahali penye posho. Lakini mlango ulikuwepo, na maneno yaliweza kupita kwenda juu. Kilifi, pamoja na Korogwe na Bagamoyo kwa upande wa Tanzania, zilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014, lenye watoto 15,459. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Hebu fikirini: chanjo ya kwanza ya malaria duniani imepita katika mikono ya akina mama ambao wengi wao maswali yao hayakuwa ya Kiingereza. Bila ya imani yao hapakuwa na chanjo. Na imani haikupatikana kwa kukata utepe.

Sasa nirudi Maskati, nisimulie nililoliona mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilihudhuria muhadhara wa wazi juu ya hali ya bahari, katika taasisi ambayo sitaitaja. Mtoa mada mgeni, mtu mahiri, slaidi nzuri, Kiingereza. Tafsiri ya Kiarabu ilikuwepo, na hilo ni jema. Ulipofika wakati wa maswali, alisimama mzee mmoja wa kwetu, Mwomani wa Pemba, mvuvi wa miaka mingi, akauliza kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiarabu cha nyumbani: "Maji haya ya kijani hatukuwa tukiyaona tulipofika hapa miaka ya sabini. Bahari ilikuwa ikiwaka usiku tu, tumeizoea. Sasa mchana nayo inakuwa kama maji ya mchicha. Limeanza lini jambo hili, na kwa nini?" Mkalimani akababaika. Mwenyekiti akatabasamu, akasema tunamshukuru Ammi kwa mchango wake, muda umetubana. Nilinyanyua mkono nifasiri, nikaambiwa tuonane baada ya kikao.

Waungwana, lile halikuwa "mchango". Lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Yale maji ya kijani yana jina, Noctiluca scintillans: kijidudu cha bahari kinachowaka usiku, na aina yake ya kijani hubeba mimea midogo mno ndani ya mwili wake. Mwaka 2014 Helga do Rosário Gomes, Joaquim Goes na wenzao walichapisha utafiti juu ya milipuko yake mikubwa ya majira ya baridi katika Bahari ya Arabu, wakiihusisha na kuenea kwa maji yenye upungufu wa oksijeni, na wakieleza kwamba ni mabadiliko ya miaka ya 2000. Zamani majira hayo yalikuwa ya mimea mingine. Yaani mzee wetu, bila ya setelaiti wala chombo cha kupimia, alikuwa ameshika tarehe na rangi mkononi mwake. Wala si jambo la starehe. Mlipuko wa namna nyingine, ule wekundu wa 2008 na 2009, uliua samaki na ukasimamisha mitambo ya kusafisha maji ya chumvi, na sisi huku maji ya kunywa tunayapata baharini. Mwenye kuuliza habari za rangi ya bahari anauliza habari za bomba lake la jikoni.

Na mtoa mada hakuwa na kosa. Tulimkuta mlangoni, nikamfasiria. Akatoa daftari. Akamuuliza mzee: mwezi gani hasa? Upepo wa upande gani? Samaki gani walipotea kwanza? Mzee akajibu kila kitu, na cha mwisho akamsahihisha jina la samaki. Dakika kumi hivi, watu wamesimama karibu na viatu na meza ya chai. Mkutano wa watafiti na wananchi wa jioni ile ulifanyika pale mlangoni. Ndani ukumbini palikuwa na maonyesho.

Najua pingamizi zitakazokuja, hasa kwa wale ndugu zetu wa sayansi asilia.

Kwanza, watasema sayansi haiamuliwi kwa kura. Kweli kabisa. Mzee wa Pemba anaweza kuwa amekosea mwaka, na kumbukumbu hudanganya. Lakini kosa la kumbukumbu hupimwa kwa kuulizwa, halipimwi kwa kukatishwa. Sikutaka mzee apigiwe kura, nilitaka apate jibu.

Pili, watasema Omani ni nchi ya Kiarabu, Kiswahili kina haki gani hapo? Sidai mabango ya Kiswahili. Nadai jambo dogo zaidi: kuwepo na mtu chumbani ambaye kazi yake ni kulibeba swali. Nchi hii ina raia waliozaliwa Unguja, Pemba, Mombasa na Bujumbura, wengine sasa ni wazee wa miaka 70 na 80, na wanayoyajua wanayajua kwa Kiswahili. Zaidi ya theluthi moja ya wakaazi ni wageni, na ukienda bandarini asubuhi utakuta wanaoishika bahari kwa mikono yao wengi ni watu wa Kibengali na Kimalayalam. Hao nao ni umma. Ujuzi hauombi pasipoti.

Tatu, na hili ndilo linalotuuma sisi, watasema Kiswahili hakina istilahi. Hapa nitasema bila ya haya. Kamusi ya TUKI ya biolojia, fizikia na kemia ilitoka mwaka 1990, na ile ya tiba mwaka 2003. Istilahi tunazo, na tumezigombania katika makongamano mpaka tukanuniana. Rudieni swali la mzee mlisome tena: istilahi gani imekosekana pale? Hamna hata moja. Kijani, mchicha, bahari, kuwaka. Miaka yote hii sisi wasomi wa lugha tumejenga ngazi ya kumteremsha mtaalamu aje kwa watu, na ngazi ya kupandisha swali la mtu tumeisahau. Tafsiri yetu inatoka juu kwenda chini tu. Ndiyo maana kazi yetu, kwa wingi wake wote, haikumsaidia mzee yule jioni ile.

Basi tufanye nini? Sina mpango mkubwa, nina mambo matatu ambayo hayahitaji wizara.

1. Maswali yatangulie mada. Mwezi mmoja kabla ya muhadhara, maswali yakusanywe msikitini, sokoni, kwenye vikundi vya akina mama, kwa lugha yoyote. Mtoa mada aje akiwa ameshayasoma. Nitoe mfano wa hapa hapa. Milima hii ya rangi ya kahawia iliyoikumbatia Bustan ni miamba iliyopanda kutoka chini kabisa ya sakafu ya bahari ya kale. Wanajiolojia wa dunia nzima wanaitamani. Kati ya 2016 na 2018 palikuwa na mradi mkubwa wa kuchoronga miamba ya aina hii Omani, na kampuni ya 44.01, iliyopata tuzo ya Earthshot mwaka 2022, inafanya kazi ya kuifungia hewa ya ukaa ndani ya mawe yake igeuke jiwe. Mambo makubwa na ya fahari. Sasa mkulima wa falaji atauliza mara moja: mtatumia maji kiasi gani, na yatatoka wapi? Swali hilo likija mwanzo ni utafiti mzuri zaidi. Likija mwisho ni ugomvi.

2. Kila hadhara iwe na mbebaji wa maswali, mtu anayejua lugha za waliokaa nyuma. Hapa tunajitolea sisi. Kuna mtu kati yetu asiyeweza kutoa jioni moja kwa mwezi, kule aliko, Toronto, Leicester, Dubai au Maskati? Si lazima ajue kemia. Lazima ajue kumfasiria mzee bila ya kumpunguzia maneno.

3. Baada ya mwaka mmoja watangaze, badala ya idadi ya waliokuja, orodha ya maswali: haya yaliulizwa, haya yamejibiwa, haya bado, na haya yamebadilisha kazi yetu. Kama fungu la mwisho ni tupu, waseme ni tupu. Tutawaheshimu zaidi kuliko kwa picha za utepe.

Ninajua mtu atasema haya ni madogo mno kwa profesa kuyaandikia kurasa zote hizi. Lakini nimeishi muda wa kutosha katika vyuo vya nchi tatu kuona kwamba imani ya watu kwa sayansi huvunjika katika mambo madogo kama haya: kipaza sauti kilichoondolewa, neno lisilofasiriwa, asante iliyotolewa kwa kumnyamazisha mtu. Ikija siku ya haja kubwa, siku ya chanjo, siku ya maji, tunawaendea watu wale wale tuliowashukuru na kuwakalisha, tunastaajabu kwamba hawatuamini. Wakati wa korona tuliyaona hayo, huku na huko, kwa macho yetu.

Ninaomba basi, kabla hatujaanza kubishana (najua tutabishana, na ndiyo raha yake), kila mmoja alete kisa kimoja tu anachokijua kwa hakika, cha swali la mtu wa kawaida lililombadilisha mtafiti. Kiwe cha Kisumu, cha Moroni, cha Bukavu au cha Minneapolis. Kiwe na mwaka na mahali, siyo "nilisikia". Nina hamu ya kuona orodha yetu itakuwa ndefu kiasi gani. Ikiwa fupi, nayo itakuwa imetufundisha kitu.

Wasalaam,

Mwenzenu, Bustan, Maskati